Jina Chini ya Nta

Kwa miaka ishirini na miwili fundi wa mawe alikuwa na dhambi moja ndogo kazini, na wala hakuiona kuwa dhambi. Kila mwaka, siku chache kabla ya siku ya kumbukumbu, alipokwisha kuusafisha ukuta wa majina ya askari waliokufa vitani, alitoa mfukoni kipande cha mshumaa mweupe akakisugua juu ya jina moja tu kati ya majina mia nne na kumi na mawili. Kisha alilipangusa kwa kitambaa mpaka likang'aa. Lilikuwa jina la baba yake. Mengine yalipata maji na brashi, basi. Kama kuna wa kumlaumu kwa upendeleo huo na ajitokeze, maana sijamwona bado mtu asiyempendelea babake.

Baba alikwenda vitani fundi akiwa na miaka minne, na hakurudi. Fundi alikumbuka kikohozi chake cha asubuhi, na jozi ya buti iliyokaa mlangoni kisha siku moja haikuwapo. Mengine yote ya baba yalikuwa ukutani, bamba la tano, mstari wa tisa. Watoto wenzake walimwita Mtoto wa Ukuta, naye alilipenda jina hilo. Lilimpatia kiti cha mbele kwenye sherehe, lilimpatia nafasi katika shule ya watoto wa mashujaa, na mwishowe lilimpatia kazi. Aliyeuchonga ukuta ule, mzee mmoja mkali waliyemwita Mzee Patasi, alimchukua akiwa na miaka kumi na mitano akamfundisha uchongaji wote bila kumtaka hata ada ya ufundi. "Mwana wa shujaa hadaiwi," alisema mzee, akageuka pembeni akatema mate. Fundi alidhani ni tabia ya mzee tu kutema mate ovyo.

Mwaka huu mambo mawili yalikuwa mapya. La kwanza, mama yake fundi alichaguliwa kuweka shada la maua, kwa kuwa katika wajane wote ndiye aliyebaki mzee kuliko wenzake. Habari hiyo aliipeleka mwenyewe nyumba hadi nyumba, na gauni la siku hiyo alikwisha kulipiga pasi mara nne. La pili, ofisi ya kumbukumbu ilitoa amri: ukuta usuguliwe wote kwa maji ya moto na sabuni, herufi zilizofifia zichongwe upya, na nta isitumike kabisa kwa sababu inashika vumbi. Fundi aliisoma amri hiyo akanuna kidogo, lakini kazi ni kazi. Alichemsha maji, akakunja mikono ya shati, akaanza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshika vizuri, alipomaliza bamba la sita na kurudi nyuma kutazama yaliyotangulia yakikauka. Wakati huo huo akasikia fimbo ikigonga sakafu. Bibi Kidole alikuwa amefika.

Bibi huyu alikuwa na jina lake, bila shaka, lakini hakuna aliyelitumia. Mwanawe wa pekee alikufa katika vita vile vile. Alipopata habari za ukuta alifunga safari akaja kulitazama jina la mwanawe, asilione. Mwaka uliofuata akaja tena. Hakujua kusoma, alichojua ni herufi za jina la mwanawe peke yake, alizojifunza kwa kuzifuata kwa kidole kwenye daftari la shule alilolibakisha yule kijana. Kwa hiyo kila mwaka alianza bamba la kwanza, mstari wa kwanza, akapitisha kidole jina kwa jina mpaka la mwisho. Siku hizi macho yenyewe yalikuwa yamekwisha kwenda, ila kidole kilikuwa bado kizima. Makarani wa ofisini walimwambia, "Mwanao yumo daftarini, bibi, tutafuatilia ukutani," na walipohamishwa wakaja wengine wakamwambia hayo hayo.

Mtu mmoja tu hakumchoka, naye alikuwa mama yake fundi. Kila mwaka mama alimletea chupa ya chai, akamshika mkono kutoka bamba hadi bamba, akamwekea kigoda apumzike. Watu walisema yule mama ana roho ya peke yake. Fundi mwenyewe hakuwa na roho hiyo. Miaka minane iliyopita, akiwa na haraka zake, alimwambia bibi yule waziwazi: "Bibi, ukuta haukosei. Huenda mwanao hakuwa wa kuandikwa." Bibi aliendelea na kidole chake.

"Hujambo, fundi?" alisema sasa.

"Sijambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi na chai yangu?"

"Atakuja siku yenyewe, bibi. Leo anapiga pasi."

"Bado tu? Hilo gauni litatoboka," alisema Bibi Kidole, akaweka fimbo yake chini, akaanza bamba la kwanza.

Fundi alicheka, akageuka kulitazama bamba la tano. Na hapo kicheko kilimfia mdomoni.

Bamba lilikuwa linakauka kutoka juu kwenda chini, jiwe likigeuka kutoka jeusi kuwa kijivu. Majina yote ya mstari wa nane yalikwisha kauka. Ya mstari wa tisa pia, isipokuwa mahali pa baba yake. Pale palikuwa na mistari iliyobaki na unyevu, minene kiasi cha patasi ndogo, ikipita katikati ya herufi za baba, kando yake na chini yake. Alidhani ni sabuni. Akapitisha kiganja, hakuna sabuni. Akainama, na yale maji yakawa herufi. Jina zima lilikuwa limelala ndani ya jiwe, na jina la baba yake limelala juu yake.

Fundi alijua anachokiona. Kila mchongaji hukosea, na kila mchongaji ana dawa ya kosa: unasaga unga wa jiwe lile lile, unachanganya na chokaa na gundi kidogo, unajaza, unapiga msasa, na mteja hajui kitu. Mzee Patasi ndiye aliyemfundisha. Akamfundisha na ila yake: jazo hilo hunywa maji kuliko jiwe na huchelewa kukauka, kwa hiyo mahali ulipojaza upake nta, maji yasiingie. Miaka ishirini na miwili fundi alikuwa akipaka nta mahali pale kwa mkono wake, kwa mapenzi yake, bila kuambiwa na mtu. Alikuwa amemsaidia mwizi kufunga mlango.

Akalisoma lile jina. Alilijua. Alikuwa amelisikia mbele ya meza ya ofisi mwaka baada ya mwaka, likitajwa taratibu, herufi kwa herufi, na mwanamke anayeogopa karani asije akaliandika vibaya.

Nyuma yake Bibi Kidole alikuwa amefika bamba la pili.

Sasa nitakwambia alichofanya, na sitamtetea. Alichukua ndoo akalimwagia bamba la tano maji, lote, likawa jeusi kuanzia juu hadi chini, na lile jina likapotea. Alimficha jina mwanamke asiyeona! Mikono ilitangulia kabla ya akili, na alipoiweka ndoo chini alijiona mchafu mwili mzima.

Bibi Kidole alikuja bila haraka. Bamba la tatu, la nne. Akaingia la tano, mstari wa kwanza, wa pili, kidole kikichuruzika maji. Alipofika mstari wa tisa kidole kilisimama kwenye herufi ya kwanza ya baba yake fundi, kikaizunguka mara mbili.

"Huyu ni baba yako," alisema. "Nimekwisha kumzoea. Herufi yake ya kwanza ni kama ya mwanangu, basi kila mwaka inanidanganya kidogo. Moyo unaruka. Halafu naigusa ya pili, naona siye."

Fundi alikuwa akiitazama ile herufi, na macho ya ufundi yalimwonyesha ambacho moyo haukutaka. Herufi ile haikuwa na jazo. Majina mawili yalianza sawa, na Mzee Patasi, mtu asiyependa kupoteza nguvu, aliiacha ilivyokuwa akaanzia kwenye ya pili. Herufi aliyoigusa bibi yule miaka yote ilikuwa ya mwanawe kweli.

"Mbona unahema hivyo?" aliuliza Bibi Kidole.

"Jua, bibi."

"Kunywa maji," alisema, akaenda bamba la sita.

Alipoondoka, fundi alivuka uwanja akaenda ofisini, akaomba daftari la asili. Karani, kijana mchangamfu aliyekuwa akila karanga, alimpa bila kuuliza. Fundi alipitisha kidole kama Bibi Kidole. Mwana wa bibi alikuwapo, ukurasa wa kumi na moja, na kando yake mtu aliandika kwa wino: hana jamaa. Baba yake hakuwapo. Alirudia kurasa zote mpaka karani akaacha kutafuna.

"Unamtafuta nani, Mtoto wa Ukuta?"

"Sijui," alisema fundi, na lilikuwa jibu la kweli.

Alimkuta mama yake sebuleni, pasi mkononi, gauni limetandazwa mezani. Hakuketi, wala hakumwamkia, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Mama, chini ya jina la baba kuna jina."

Mama aliiweka pasi wima. Alichukua muda kuiweka, akihakikisha haitaanguka.

"Nta ilikwenda wapi?" aliuliza.

Fundi alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine makali, lakini swali lile liliyafuta yote. Alikuwa ametumaini njia nzima kwamba mama hajui. Alivuta kiti akakaa.

"Ulijua."

"Nilikuwa na barua," alisema mama. "Iliandikwa kwamba baba yako ametoroka kikosi. Mistari mitatu. Hata pole hawakuweka. Nikaichoma jikoni, lakini kuchoma barua hakumpi mtu baba. Wewe na dada yako mlikuwa wadogo. Watoto wa mtoro! Unajua wangewafanya nini mitaani? Nikaenda kwa mchongaji kabla ukuta haujafunguliwa. Nililia pale siku mbili. Siku ya tatu akasema mabamba yamejaa, ila yupo kijana mmoja asiye na watu, hakuna wa kumtafuta. Nikasema basi, marehemu asiye na mtu hataumia."

"Ana mama."

"Nilimjua mwaka uliofuata!" Sauti ya mama ilipanda, ikavunjika. "Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi, nyuma yake. Nikamsikia akimtaja mwanawe. Mwanangu, nilishikilia ukuta nisianguke. Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa kushiba. Ndiyo nikaanza kumletea chai."

Chai. Fundi alimwona mama yake akimimina chai ile, akipuliza ipoe, akimshika bibi mkono kutoka bamba hadi bamba na kumpitisha juu ya mwanawe mwenyewe. Alimpenda mama huyu kuliko mtu yeyote duniani, na kwa mara ya kwanza alimwogopa.

"Na baba? Alikuwa mwoga?"

"Alikuwa mtu," alisema mama. "Hata kuku alikuwa hawezi kumchinja. Sijui kama alikimbia, sijui kama aliuawa akikimbia, sijui kama yuko hai mahali ana wajukuu. Sikuwahi kujua. Nilimzika ukutani ili nipumzike, na sikupumzika."

"Mama, kesho kutwa utaweka shada pale."

"Ngoja nife kwanza. Nikifa utafanya utakavyo. Mimi sina muda mrefu."

"Na yeye akitangulia?"

Mama aliishika pasi tena, akaipitisha juu ya gauni ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja, na fundi alitoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi alikuta mtu amemtangulia ukutani. Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la vifaa, mtandio kichwani, chupa ya chai mapajani. Sijui alifikaje pale na miguu ile. Hakumwangalia.

"Hizo patasi zako zinafanya kazi," alisema, "au umeziweka pambo?"

"Mama..."

"Anza kabla sijabadili nia. Mimi si mtu mwema, najijua."

Fundi alisaga unga wa jiwe, akachanganya chokaa na gundi, akajaza herufi za baba yake moja moja, zote isipokuwa ile ya kwanza. Usidhani alifanya hayo kwa utulivu. Alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini, makamasi yakimshuka, na wapita njia wakatembea upande wa pili. Mama hakulia. Alitazama mpaka herufi ya mwisho ya mumewe ilipolainishwa na msasa ikawa jiwe tupu. "Kwaheri, bwana wee," alisema, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa sana. Kisha fundi akachukua patasi ndogo akaanza kulifukua jina la chini. Jazo la Mzee Patasi lilikuwa gumu, la mtu aliyekusudia lisitoke, na kazi ile ilimchukua mpaka alasiri.

Siku ya kumbukumbu watu walijaa. Bendi ilipiga, askari wastaafu walisimama kwa magongo na medali zao, mkuu wa ofisi alisoma hotuba ndefu yenye neno "milele" karibu kila sentensi. Mama yake fundi alipoitwa, alilitwaa shada akiwa na lile gauni lake lililonyooka. Lakini hakwenda mbele. Alikwenda pembeni kwenye kigoda cha Bibi Kidole, akamshika mkono, wakatembea wote wawili polepole mbele ya watu wote hadi bamba la tano. Fundi alisimama hatua mbili nyuma yao. Mama hakuwa amemwambia atafanya nini.

Mama alikishika kidole cha bibi akakiweka kwenye herufi ya kwanza ya mstari wa tisa.

"Hii naijua," alisema Bibi Kidole, akatabasamu. "Ni ya mumeo."

"Endelea, dada."

Kidole kikaenda kwenye ya pili. Kikasimama. Kikarudi kwenye ya kwanza kuhakikisha, kikaenda tena ya pili, ya tatu, ya nne. Alilimaliza jina lote. Alilirudia lote. Bendi ilikuwa bado inapiga, maana mpiga ngoma alikuwa haoni yanayotokea, na alipoona akaacha katikati.

"Lilikuwa wapi?" aliuliza Bibi Kidole. Hakupiga kelele, lakini ukimya ulikuwa mkubwa hata safu ya nyuma ilisikia. "Miaka yote hii, lilikuwa wapi?"

"Nililikalia mimi," alisema mama. "Jina la mume wangu lilikuwa juu yake. Mume wangu hakuwa wa ukuta huu. Nilijua."

Mkuu wa ofisi alishika karatasi zake za hotuba kana kwamba zinataka kumkimbia. Fundi alisikia watu wakilitaja jina lake la utani, Mtoto wa Ukuta, kwa sauti za chini, na alijua hawataliita tena kwa namna ile ya zamani. Alisogea amshike mama yake, lakini mama aliinua mkono kumzuia.

Bibi Kidole alibaki uso wake umeelekea ukutani.

"Ndiyo maana chai yako ilikuwa na sukari nyingi," alisema hatimaye.

Aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mama, taratibu, bila kumsukuma. Akalichukua shada. Akaliegemeza chini ya bamba la tano kwa kupapasa, kisha akarudisha kidole kwenye herufi ya kwanza akaanza kumsoma mwanawe upya.

Mama yake fundi alibaki amesimama kando yake, mikono mitupu, akisubiri kuambiwa aondoke. Hakuna aliyemwambia.